Ng'ombe Aliyesifiwa kwa Kiswahili

Mzee Ndikuriyo hakukubali neno kabla ya kulionja. Ukimpa neno jipya la Kiswahili hakuuliza kwanza lina maana gani. Alilitia mdomoni, akalisukuma shavu hili na shavu lile, akalitoa, akalirudisha, ndipo akatoa hukumu mbele ya darasa zima.

"Teleza," alisema siku moja, na macho yakamtoka pima. "Te-le-za. Mwarimu, umesikia? Ulimi wenyewe umeanguka!"

Akalirudia mpaka wanafunzi wenzake, watu wazima wenye wajukuu, wakawa wanateleza kwenye mabenchi huku wameshika mbavu. L na R kwake zilikuwa pacha wasiojulikana yupi ni yupi. Sitaandika kila alivyotamka, wino utaniishia. Ninaacha "Mwarimu" tu, kwa kuwa ndivyo alivyoniita mpaka alipofariki.

Mwarimu huyo ni mimi, Deodata binti Novatus. Mwaka 1978 nilikuwa msichana aliyemaliza darasa la saba, mwenye sauti kubwa na subira haba, nikapewa kufundisha elimu ya watu wazima katika kijiji chetu cha ujamaa, kata ya Kanazi, Ngara. Tulisomea kwenye ghala la kijiji katikati ya magunia ya maharage, alasiri watu wakishatoka shambani. Wengine walikuja kujifunza kusoma. Ndikuriyo alikuja kubishana.

"Kimya" alilipitisha bila swali, kwa kuwa midomo inafungana katikati ya neno. "Nong'ona" alilipitisha. "Gogota" aliligongea kwenye benchi kwa kidole, akatabasamu. "Ngurumo" alilisimamia kwa miguu, kwa heshima. Lakini "kidogo" alilikataa katakata.

"Hili haliwezi kuwa dogo," alisema. "Sikiliza linavyoanguka: do-go! Hilo ni gunia limetupwa chini. Kitu kidogo kinataka sauti nyembamba, ipite kwenye tundu la sindano."

"Mzee, Kiswahili hukukitunga wewe."

"Ndiyo maana kina makosa."

Nilitamani kumrushia chaki. Mvi zake ndizo zilizomwokoa.

Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "utekelezaji". Alilisikia kwenye mkutano wa kijiji, na kesho yake akaja darasani anameremeta. Kwake lilikuwa neno la mbuzi: mbuzi wengi wakishuka mlima wenye mawe, te-ke-le-za, te-ke-le-za, vikwato vinagonga na vijiwe vinaporomoka. Nilipomweleza maana yake halisi alisema kwa huzuni ya kweli, "Neno zuri hivyo, wamelifungia ofisini!"

Alivuka mpaka kutoka Burundi, kwenye mto Ruvubu, mwaka 1972, yeye na mkewe Nyirabahizi, na walichobeba ni kibuyu cha kusukia maziwa na fimbo ya kuchungia. Ng'ombe walibaki. Hapa Kanazi alipewa shamba, akapanda migomba na maharage, na ilipokuja Operesheni ya vijiji akajenga kwenye mstari kama sisi wote tulivyojengeshwa. Hakulalamika. Lakini wale ng'ombe aliendelea kuwataja kwa majina yao ya sifa kila jua likielekea kuzama, amekaa mlangoni, na majina yenyewe yalikuwa marefu, yananguruma na kupindapinda, hata jirani aliyekuja kuomba moto alijikuta amekaa chini anasikiliza. Sisi Wahangaza na Warundi tunaelewana bila mkalimani. Haikuchukua muda kata nzima ikajua: ukitaka ng'ombe wako asifiwe, mwite Ndikuriyo.

Na kusifiwa ng'ombe kwetu si pambo. Ng'ombe wa posa hapokelewi kwa sababu ana nyama au ana maziwa. Anasimamishwa uani kwa wakwe, mshenga wa upande wa kijana anashika fimbo, anamsifu kwa beti mpaka anampa jina. Msemaji wa upande wa msichana anasikiliza. Akiguswa, anasema, "Tumempokea," na pombe inamiminwa. Asipoguswa, anasema, "Ng'ombe huyu hatujamwona," hata kama ng'ombe mwenyewe amesimama pale anamkanyaga kidole. Basi posa inarudi kwao na ng'ombe wake, na hairuhusiwi kurudi mpaka mtama wa mwaka mwingine uvunwe.

Mwaka 1979 posa ilikuwa yangu.

Emilian alikwenda vitani na mgambo wa kwanza waliochukuliwa kijijini kwetu, majeshi ya Uganda yalipovuka mpaka hadi mto Kagera. Hakuwa na baba. Alikua akichunga mbuzi wao pamoja na mbuzi wa Ndikuriyo, na nadhani kucheka ovyo alikujifunza huko huko. Agosti akarudi kwa likizo fupi, amekonda, kavaa buti kubwa kuliko miguu yake, mkononi ana vipande viwili vya sabuni, wakati ule ambapo dukani kwetu sabuni ilikuwa hadithi tu. Kimoja kwa mama yake, kimoja kwa shangazi yangu Verediana. Shangazi alikifungia kwenye kitambaa akawa anakinusa tu. Tangu hapo ukimsema Emilian vibaya ulikuwa umemchokoza yeye.

Nami nilimpenda kipumbavu. Akipita barabarani nilisahau nilichokuwa ninaandika ubaoni, wanafunzi wakanisomea kwa sauti: "Ba, be, bi, Emilian." Vita ilikuwa imekwisha redioni, lakini kikosi chake kilikuwa bado Uganda, na Jumatatu lori la jeshi lingemchukua Biharamulo. Tulitaka ndoa kabla ya lori. Padri alikubali kutufungisha Jumapili, ilimradi posa ipokelewe Jumamosi. Ng'ombe alipatikana kwa wajomba zake: mwekundu, mkia mrefu, na pembe moja imevunjika.

Hapo ndipo baba yangu alipotoa amri yake. Mzee Novatus alikuwa mwenyekiti wa kijiji, mtu wa shati lililopigwa pasi hata mwaka wa shida. Aliwaita ndugu wa Emilian akawaambia, "Nyumba ya mwenyekiti ni nyumba ya taifa. Posa itaendeshwa kwa Kiswahili, mwanzo hadi mwisho. Sifa za ng'ombe pia. Katibu kata atakuwepo."

Watu walicheka, wakadhani ni siasa zake za kila siku. Mimi sikucheka. Mshenga wa Emilian alikuwa Ndikuriyo, na Kiswahili chake nilikijua vizuri: mimi ndiye niliyekifundisha. Na waliokuwa na Kiswahili kizuri pale Kanazi hawakuweza kumsifu hata kuku.

Kwa mila, msichana hapaswi hata kuonana na mshenga wa upande wa pili wiki ya posa. Kwa elimu ya watu wazima, mwalimu anapaswa kumsaidia mwanafunzi mzito. Nikachagua elimu ya watu wazima. Jumatano alasiri nikachukua ubao mdogo na chaki, nikaenda nyumbani kwake nikitembea katikati ya barabara kwa kiburi, kama mtu aliyetumwa na serikali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwarimu. Tumekwisha."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, na mbele yake amefungwa yule ng'ombe, ambaye walimleta kwake ili mshenga amzoee. Karibu na jiko Nyirabahizi alikuwa anasuka maziwa, kibuyu kikienda mbele na kurudi mapajani: chubwi, chubwi, chubwi.

"Kwa lugha yetu," Ndikuriyo alisema, "nikitaka kwato zilie, zinalia. Nikitaka maziwa yatoke, yanatoka. Kiswahili kinanipa ng'ombe maiti. Sikiliza: 'Ng'ombe huyu ni mzuri sana.'" Akanikazia macho. "Umeona kitu?"

"Sijaona."

"Hata mimi. Na amefungwa pale!"

Nikaketi chini. Nilikuwa na hofu, lakini mtu huyu huwezi kukaa naye ukawa na hofu kwa muda mrefu. Nikamwambia, "Anza na jina lake tu. Ng'ombe."

"Ng'ombe," alisema, kama anayesoma bango. Kisha akasita. "Ng'o." Akashika pua yake. "Ng'ooo. Mwarimu! Yumo! Yumo humu ndani ya pua!" Akarudia kwa sauti nzito, na yule ng'ombe mwekundu akageuza kichwa akamtazama kwa makini. Ndikuriyo akaruka kutoka kwenye kigoda kama kijana. "Ameitika! Kiswahili kina ng'ombe!"

Basi tukaanza kuwinda. Nilimtupia maneno kama mtu anayewatupia kuku mtama, naye akadonoa, mengine akayatema. Nikamtupia "kokoto". Akalitembeza uani kwa visigino, ko-ko-to, ko-ko-to, akasema hizi ni kwato zenyewe. Nikamtupia "churuzika"; akachuchumaa akakamua hewa. Nikamtupia "bubujika", akafumba macho. Alilisema polepole mara nyingi, mashavu yakimvimba kila alipofika kwenye bu-bu, kisha akalala chali kwenye majani na kucheka mpaka machozi yakamtoka. "Midomo inajaa, Mwarimu. Ukilisema hili lazima ujifute kidevu!"

Nikadhani nimeelewa. Nikasema, "Kumbe tunatafuta maneno yanayoiga milio tu."

"La," alisema, akakaa. "Maneno yanayolia ni rahisi, hata mtoto anayaweza. Nipe neno lisilo na mlio wowote. Nipe la ng'ombe aliyelala anacheua, hataki haraka."

Nikafikiri. "Taratibu."

Alilisema. Ta, ra, ti, bu. Akalisema tena, na nikaona kwamba halikubali kukimbizwa. Kila kipande kinasubiri chenzake kikae kwanza. Hakuna kitu duniani kinacholia "taratibu", lakini nilimwona ng'ombe amelala, taya linazunguka, kivuli kimemfunika. Nilikuwa nimelifundisha neno lile mwaka mzima, nimelisahihisha tahajia, wala sikujua lina nini ndani. Ndikuriyo alinipigia makofi, nami nikampigia, tukawa wendawazimu wawili wanaoshangiliana.

"Nyie," Nyirabahizi alisema bila kuacha kutikisa kibuyu, "kama mnataka siagi ishikane, punguzeni kelele. Na wewe bwana, acha kukimbia. Beti zako hazina mwendo. Chukua mwendo wa kibuyu."

Akachukua. Chubwi, chubwi, na maneno yakaingia kwenye mpigo mmoja mmoja, na mpaka jua linashuka ng'ombe alikuwa ametembea, amekamuliwa, amelala, vyote kwa Kiswahili. Nilirudi nyumbani ninarukaruka na ubao kichwani. Shangazi Verediana akaniuliza nina nini. Nikamwambia, "Utekelezaji."

Jumamosi ikafika. Mimi nilikuwa chumba cha ndani na shangazi, nimefunikwa kitenge, ambapo msichana anatakiwa kukaa kimya kama hayupo. Kuna ufa kwenye dirisha la mbao. Kupitia ufa huo niliona uani umejaa: ndugu za Emilian upande mmoja, zetu upande mwingine, mitungi ya pombe ya ndizi kivulini, Emilian amevaa zile buti amesimama wima kama yuko paredi. Baba alikaa katikati. Msemaji wetu alikuwa baba mdogo Ansbert, mdogo wake baba, mtu ambaye hata akitabasamu ulidhani anaumwa jino.

Na karibu na baba alikaa katibu kata, suti ya mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni.

Niliona macho ya Ndikuriyo yakitua kwenye zile kalamu. Nikajua. Tangu avuke mpaka, kukaa kwake na kutokukaa kwake kulitegemea watu wenye kalamu mfukoni. Kwake Kiswahili cha darasani kilikuwa chetu sisi, cha kucheza. Kiswahili mbele ya serikali kilikuwa kingine. Akavua kofia, akashika fimbo kama mtu anayeshika bendera, akamkabili ng'ombe:

"Ewe ng'ombe wa maendeleo,
mzalishaji wa maziwa ya wananchi,
mtekelezaji wa mpango wa malisho,
umehudhuria, umeshiriki, umefanikisha…"

Watu walipiga makofi yale ya mkutano, pa-pa-pa, pa-pa-pa. Mtu mmoja kwa mazoea akapaza sauti, "Kidumu Chama!" na uani wote ukaitika, "Kidumu!" Ng'ombe akanya.

Ungenikuta mahali pengine ningecheka mpaka nife. Mle ndani nilijiuma kidole. Ndikuriyo alikuwa anaendelea, jasho linamtiririka, akifika sasa kwenye kamati na mahitaji ya wilaya, na kila neno lilitoka limekauka. Niliona Emilian ameinamisha kichwa. Niliona baba mdogo Ansbert anajiweka sawa kwenye kiti, anakohoa, anafungua kinywa.

"Ng'ombe huyu…" alianza.

Sauti ya msichana haitakiwi kusikika siku hiyo. Lakini hakuna aliyewahi kutunga mila juu ya kibuyu. Shangazi alikuwa anasuka maziwa ya wageni asubuhi ile na kibuyu alikiweka kando posa ilipoanza. Nikakirukia. Nikakiweka mapajani, nikasogea dirishani, nikakitikisa kwa nguvu zangu zote.

Chubwi! Chubwi! Chubwi!

"Mtoto wewe, una wazimu?" shangazi alininong'oneza, akanishika mkono.

"Sabuni, shangazi," nikasema. "Kumbuka sabuni!"

Akaniachia. Tena akashika ncha ya pili ya kibuyu, tukatikisa wawili.

Uani kila mtu aligeuka. Katibu kata aliuliza, "Hicho ni nini?" Ndikuriyo alikuwa amesimama, fimbo hewani, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Kisha mguu wake wa kulia ukaanza kupiga chini, kwa mwendo uleule. Akatupa kofia. Akacheka, kicheko kizima cha kulala chali kwenye majani, akazunguka ng'ombe mara moja, akapasua:

"Yuaja yule, yuaja!
Kwato kokotoni: kokoto, kokoto, ko!
Topeni bondeni: chopwe, chopwe, chopwa!
Mkia fyu! Nzi wametawanyika!
Pembe moja ni yake,
ya pili alimwachia fahali amkumbuke!"

Vicheko vikalipuka. Watoto walianza kukanyaga, chopwe, chopwe, mpaka vumbi likapanda. Bibi mmoja wa upande wetu aliinua miguu yake kutoka chini kwa haraka, akihofia tope, na jua lilikuwa kali siku hiyo. Ndikuriyo akashuka sauti mpaka kifuani:

"Nguruma, ng'ombe, nguruma,
ngurumo ivuke ng'ambo ya Ruvubu,
ng'ombe wa ng'ambo waning'inize masikio!"

Na ng'ombe, Mungu shahidi yangu, akalia. Labda alikuwa na kiu. Lakini hapo katibu kata alisimama na kupiga ule mluzi wa wachungaji, mrefu, wa kuita kundi jioni. Kumbe kwao Bisibo kulikuwa na zizi. Kalamu moja ikamdondoka na hakuiokota. Ndikuriyo alipomsikia alizidi kunenepa kwa furaha, na sisi ndani tukatikisa kibuyu mpaka mikono ikafa ganzi. Kisha akainua kiganja, tukapunguza mwendo.

"Sasa amelala. Taratibu.
Anacheua. Taratibu.
Taya linapita juu ya taya,
malisho ya mchana yanarudi, taratibu."

Watu wazima waliokuwa wanaruka wakakaa chini. Niliona mabega yakishuka, mmoja baada ya mwingine. Mzee mmoja alianza kutafuna, na hakuwa na kitu mdomoni. Ndikuriyo akachuchumaa:

"Mkamuaji amefika.
Chu! Chu! Chururu!
Yanachuruzika, yanachuruzika,
povu linapanda, pu, pu, pu,
ndoo imejaa, yanabubujika.
Bubujika! Jina lake Bubujika!"

"Bubujika!" uani wote ukaitika, na naapa nusu yao walijifuta videvu.

Nilidhani amemaliza. Tulipofanya mazoezi aliishia hapo, kwenye jina. Lakini alibaki amechuchumaa, akakunja mikono kama mtu aliyepakata kitu, sauti ikawa ya chini sana, tukalazimika kuacha kibuyu ili tumsikie:

"Mleteni mtoto wa nyumba hii.
Gu, gu, gu, anagugumia.
Gu, gu. Anapumua.
Gu.
Ameshiba.
Kimya."

Hakuna aliyepiga makofi. Baba mdogo Ansbert alikuwa ameshika magoti yake. Akafungua kinywa, akakifunga, akamtazama baba. Hapo nikaona kitu nisichokielewa: Ansbert alikuwa anaomba ruhusa.

Baba akasimama. Mila haimruhusu baba wa msichana kusema siku ya posa. Akasema, na hakusema kwa Kiswahili. Alisema Kihangaza chetu cha nyumbani, mbele ya katibu kata, na shati lake lililopigwa pasi lilikuwa limelowa mgongoni.

"Ansbert, kaa. Ndugu zangu, huyu nilimwambia akatae," alisema. "Vyovyote ambavyo mngesema, jibu lilikuwa hapana. Kiswahili nilikiweka makusudi, nikijua Ndikuriyo kitamshinda, ili nisionekane mbaya. Mimi ndiye ninayeletewa habari za waliokufa vitani. Mimi ndiye ninayekwenda kupiga hodi. Nilipiga hodi kwa Benedicta nikiwa na habari ya mumewe, akanikaribisha akicheka, akadhani nimekuja kuwasalimia, tumbo lake liko hapa." Akaonyesha kwa mkono. "Nilitaka huyu kijana arudi Uganda bila kuacha mke nyuma. Sikutaka siku moja nipige hodi kwa binti yangu."

Emilian alikuwa amesimama vilevile, lakini machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye kola. Mimi nililia pia. Siku zote nilimjua baba yangu kama mtu wa mikutano, na hofu ile yote aliibeba kwa miezi peke yake bila kutuambia hata mama.

Baba akamgeukia Ndikuriyo, aliyekuwa bado amechuchumaa na mikono yake imekunjwa.

"Sasa wewe umenifanya nimsikie mjukuu wangu anakunywa maziwa," alisema. "Nimemsikia kwa masikio haya. Nitamwambiaje asije?"

Akavuta pumzi. Akamwendea ng'ombe, akamwekea kiganja kwenye paji la uso, pale ilipovunjika pembe.

"Tumempokea."

Nikapiga vigelegele. Mimi mwenyewe, bi harusi, nimefunikwa kitenge, siku ambayo sauti yangu haikutakiwa kusikika hata kwa kukohoa. Shangazi Verediana akanirukia akaniziba mdomo kwa kiganja chake kilichonukia sabuni, nami nikaendelea kuvipiga humo humo kiganjani, mpaka naye akashindwa, akaniachia, akaanza vya kwake.